Ndege Wanaokuja na Kaskazi: Mhadhara kwa Vijana wa Maore

Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Desemba, anga la nchi iliyo kati ya Milima ya Pare Kusini na mpaka wa Kenya hupokea ndege ambao katika miezi ya kipupwe hawakuwapo, na ambao kabla ya masika kwisha watakuwa wameshaondoka. Baadhi yao hukaa katika nyika ya Maore, Ndungu na Kisiwani kwa miezi kadhaa, wakila na kunenepa mbele ya macho ya kila mtu. Wengine hupita usiku juu ya mapaa ya nyumba bila kuonekana wala kusikika, na kunapokucha huwa wamekwisha fika mbali. Safari ya namna hii, ambayo ndege wa aina moja huifanya kila mwaka kwa majira yasiyobadilika sana, wakienda na kurudi baina ya mahali wanapozalia na mahali wanapoishi wakati wasipozaa, ndiyo inayoitwa uhamaji. Ndege anayezifuata mvua huku na huko bila njia maalumu hahesabiwi kuwa mhamaji kwa maana kamili ya neno hilo, ingawa mpaka kati ya makundi hayo mawili, kama suala la kweleakwelea, ndege mdogo mla nafaka, litakavyoonyesha, hauko wazi sana.

Kata ya Maore, katika Wilaya ya Same, inafaa kuwa mahali pa kuanzia somo hili kwa sababu imekaa pale ambapo nchi mbili zisizofanana hukutana. Upande mmoja mlima hupanda ghafla kuelekea misitu yenye ukungu ya Chome, ambako kilele cha Shengena hufikia mita 2,462; upande wa pili huenea tambarare ya miiba na nyasi ya Mkomazi, iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951 na baadaye kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa, yenye zaidi ya kilomita za mraba 3,200 na zaidi ya aina 400 za ndege, na inayoungana na Tsavo Magharibi ya Kenya bila kizuizi chochote kwa kiumbe mwenye mabawa. Katika msitu wa Chome huishi ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye wataalamu humwita Zosterops winifredae, na ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa Pare Kusini. Ndege huyo huzaliwa, huzaa na kufa katika milima hiyo hiyo, wala haivuki tambarare inayoitenga na Usambara, ambayo mtu aliye juu ya mlima huiona kwa macho yake. Kilomita chache chini yake, katika vichaka vya Mkomazi, ndege mwingine wa uzito unaokaribiana na wake huweza kuwa ametoka Ujerumani au Urusi.

Jina la kitaalamu la ndege huyo wa Chome lilitolewa kwa heshima ya Winifred Moreau, mke wa Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1928, akakaa huko kwa miaka mingi akiwa na kazi za ofisini, huku akijifundisha mwenyewe elimu ya ndege hadi akawa bingwa wake. Kitabu chake kikubwa kuhusu uhamaji wa ndege baina ya Afrika na nchi za kaskazini kilichapishwa mwaka 1972, miaka miwili baada ya kifo chake, na ndani yake alikadiria kwamba ndege wapatao bilioni 5 huingia Afrika kila mwaka kutoka Paleaktiki, yaani eneo lote la Ulaya, Afrika ya kaskazini mwa Sahara, na Asia ya kaskazini mwa Himalaya, ambalo wanabiolojia hulihesabu kuwa jimbo moja la wanyama. Hesabu iliyofanywa upya mwaka 2009, na iliyohusu ndege wadogo wa nchi kavu watokao Ulaya pekee, ilipata takriban bilioni 2.1. Makadirio yote mawili yanatokana na hesabu za sehemu ndogo zilizozidishwa, kwa hiyo msomaji asiyashike kama hesabu ya fedha benki. Lililo hakika ni kwamba wahamaji hao wanawazidi kwa mbali sana watu wote wa Afrika Mashariki.

Swali la kwanza la kila kijana ni kwa nini ndege hao huja. Jibu linalotolewa upesi, kwamba wanaikimbia baridi, ni nusu ya jibu tu, kwa sababu manyoya ya ndege ni kinga nzuri na kuna ndege wadogo wanaokaa Ulaya katika barafu mwaka mzima wakila mbegu. Kinachowaondoa wengi ni njaa. Dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi, na kwa ajili ya mwinamo huo nchi za kaskazini hupata siku ndefu mno mwezi Juni na siku fupi mno mwezi Desemba. Siku zinapofupika, majani hupukutika, wadudu hufa au hujificha ardhini, na ndege ambaye chakula chake ni mdudu arukaye hana namna ya kuishi hata kama manyoya yake yangetosha. Wakati huo huo, mvua za vuli zinaanza Upareni, na wadudu wanatoka kwa wingi.

Swali la pili, ambalo huulizwa kwa nadra ingawa ndilo gumu zaidi, ni kwa nini ndege hao hawabaki. Hapa Maore, iliyo nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, mchana hauzidi sana saa 12 katika mwezi wowote, ilhali huko kaskazini mwezi Juni mzazi hupata saa 16 au 18 za mwanga wa kutafutia chakula, katika nchi ambayo wadudu wameibuka kwa mara moja na ambayo walaji wa kudumu ni wachache kwa kuwa majira ya baridi yaliwapunguza. Mwenye saa nyingi za kazi hulisha makinda mengi zaidi. Safari ya maelfu ya kilomita, pamoja na vifo vyake vyote, hulipwa na makinda hayo ya ziada. Faida hiyo ingekoma, uhamaji wenyewe ungekoma baada ya vizazi kadhaa.

Upepo nao una sehemu yake, na wakazi wa pwani ya Waswahili waliufahamu upepo huo karne nyingi kabla ya kuwapo kwa wataalamu wa hali ya hewa. Kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Omani na Bara Hindi, na kusi, uvumao kutoka kusini kuanzia Aprili, ndio uliokuwa ukiyarudisha. Ndege watokao Asia hutumia ratiba hiyo hiyo. Mfano ulio bora kuliko yote ni kipanga wa Amur, ndege wa jamii ya kozi mwenye uzito wa gramu 150 hivi na miguu ya rangi ya chungwa, anayezaliana mashariki mwa Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China. Katika Oktoba na Novemba vipanga hao hukusanyika kwa mamia ya maelfu katika jimbo la Nagaland, India, kisha huivuka India na kuingia Bahari ya Hindi, ambako huruka takriban kilomita 3,000 bila mahali pa kutua, hadi wanapoiona pwani ya Afrika; kutoka hapo makundi yao huingia Kenya na Tanzania, yakielekea kusini mwa bara. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyeishi Maldivi, alitoa hoja kwamba kerengende nao huivuka bahari hiyo kwa upepo huo huo na katika miezi hiyo hiyo, na kwamba huenda ndege kadhaa hula njiani wadudu wanaosafiri pamoja nao. Mwaka 2012 ulimwengu uligundua kwamba wanakijiji wa Nagaland walikuwa wakiwanasa vipanga hao kwa nyavu kwa maelfu. Mwaka uliofuata, baada ya mazungumzo na viongozi wa vijiji na wa makanisa, wanakijiji wenyewe waliukomesha uwindaji huo, jambo ambalo si rahisi kulipata katika historia ya uhifadhi, na ambalo lingestahili kujulikana zaidi katika shule za huku, ambako vipanga hao hupita.

Wanaowasili na vuli hukuta kumbikumbi. Mvua ya kwanza nzito inapolowesha vichuguu vya nyika, mchwa wenye mabawa hutoka kwa wingi usiohesabika, na watoto wanaowakimbilia kwa vikapu hawako peke yao katika mavuno hayo. Tai wa nyika, ndege mkubwa aliyezaliwa Kazakhstan au Urusi na anayetazamiwa na wengi kuwa mlaji wa sungura na swala wachanga, hutua chini na kuokota kumbikumbi mmoja mmoja kwa saa nzima, kama kuku uani. Na juu yake mbayuwayu, keremkerem na vipanga hukamata wale waliokwisha kuruka. Mfano huu unafundisha kwamba mhamaji huweza kubadili chakula chake anapobadili nchi, na kwamba nguvu ya kumrudisha tai Kazakhstan huweza kutoka katika kichuguu cha Kisiwani.

Mbayuwayu anahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa ndiye mhamaji ambaye kijana wa Maore anaweza kumtambua bila darubini, lakini pia ndiye anayechanganywa zaidi na wenyeji. Mbayuwayu anayejenga kiota cha tope chini ya bati la darasa au chini ya daraja si mgeni, bali ni mmoja wa aina za mbayuwayu waishio Afrika. Mgeni, Hirundo rustica, ana mgongo wa bluu iliyokolea inayong'aa, koo na paji la uso vya rangi ya matofali, ukanda wa giza kifuani na mkia wenye ncha mbili ndefu. Hajengi kiota huku hata kimoja, na jioni hulala katika matete pamoja na wenzake kwa maelfu. Atuapo kwenye nyaya za umeme mwezi Machi huonekana amechakaa kidogo au mpya kabisa, kwa maana manyoya yake ya kurukia hubadilishwa Afrika, moja baada ya jingine, kazi inayochukua miezi kadhaa na ambayo haiwezi kufanywa safarini.

Ndege huyo huyo ndiye aliyewasumbua wasomi wa Ulaya kwa zaidi ya miaka 2,000. Aristotle wa Ugiriki aliamini kwamba mbayuwayu wengine hujificha mashimoni wakati wa baridi. Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uppsala, alichapisha mwaka 1555 kitabu chenye picha ya wavuvi wakivuta wavu uliojaa samaki na mbayuwayu pamoja, kwa kuwa ilisemekana ndege hao hulala chini ya maziwa. Na katika karne ya 17 Mwingereza Charles Morton alifikia hatua ya kuandika kwamba ndege huhamia mwezini. Mawazo hayo yanachekesha leo, lakini walioyatoa hawakuwa wajinga: walikuwa na nusu moja tu ya ukweli, yaani kwamba ndege hutoweka, na watu waliokuwa na nusu ya pili, kwamba ndege hutokea, walikuwa wakiishi chini ya milima kama hii ya Pare bila njia yoyote ya kubadilishana habari nao. Mwaka 1822 korongo mweupe aliuawa karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, akiwa na mshale mrefu wa mbao uliopita shingoni mwake, na mshale huo ulitambuliwa kuwa wa Afrika. Korongo huyo angali amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Alikuwa amechomwa na mwindaji wa Kiafrika, akapona, akaruka hadi Ujerumani akiwa na ushahidi shingoni, na kwa hakika hakuna barua iliyowahi kufika Ulaya kutoka Afrika ikiwa na habari iliyo wazi zaidi.

Ushahidi wa bahati haukutosha. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavalisha kwezi pete nyepesi za alumini mguuni, zenye namba na anwani, ili yeyote atakayempata ndege huyo atoe taarifa, na njia hiyo ya kuvalisha pete ikaenea nchi nyingi. Mwezi Mei 1911 wakili John Masefield alimvalisha mbayuwayu pete nyumbani kwake Cheadle, Uingereza. Tarehe 23 Desemba 1912 mbayuwayu huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Sasa mtu aliweza kusema, kwa namba iliyoandikwa, kwamba mbayuwayu fulani aliyekuwa mahali fulani Ulaya alikwenda mahali fulani kusini mwa ikweta.

Kwa ndege wadogo wapitao usiku, dirisha kubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki liko jirani na Maore. Ngulia ni jina la vilima na la hoteli ya kitalii katika Tsavo Magharibi, hifadhi inayopakana na Mkomazi, na hoteli hiyo ilipofunguliwa mwaka 1969 ilikuwa na taa kali za kuwaonyesha wageni wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Katika Novemba na Desemba, usiku wa giza usio na mbalamwezi, ukungu unapoufunika ukingo wa vilima hivyo, ndege wahamaji waliokuwa wakiruka juu wakielekea kusini hupoteza alama za anga, huvutwa na mwanga, na hushuka kwa maelfu kuizunguka hoteli. Kuanzia mwaka huo wa 1969 wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanyika hapo karibu kila mwaka, wakitega nyavu za nyuzi nyembamba zisizomdhuru ndege, wakimpima kila mmoja, wakimvalisha pete na kumwachia. Wamekwisha kuwavalisha pete zaidi ya ndege laki mbili wa Paleaktiki. Pete za Ngulia zimepatikana tena Urusi na Arabuni kwa upande wa kaskazini, na Malawi kwa upande wa kusini, na mstari unaoziunganisha nchi hizo hauwezi kuchorwa bila kuipitia nyika hii.

Miongoni mwa wanaoshuka Ngulia kwa wingi zaidi ni ndege wa rangi ya hudhurungi isiyovutia macho, Acrocephalus palustris, ambaye kwa kuwa hana jina la Kiswahili lililozoeleka ataitwa hapa mwigaji. Uzito wake ni gramu 12 hivi, yaani kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Huzaliana Ulaya, huondoka huko mwezi Julai au Agosti, hupitia Mashariki ya Kati na Arabuni, hupumzika Sudan na Ethiopia kwa wiki nyingi, kisha huivuka Kenya na kaskazini-mashariki mwa Tanzania mwishoni mwa mwaka hadi afike Zambia, Zimbabwe, Msumbiji au Afrika Kusini. Mtaalamu Françoise Dowsett-Lemaire, aliyewafuatilia waigaji nchini Ubelgiji na kuchapisha matokeo yake mwaka 1979, aligundua kwamba wimbo wa dume umetengenezwa karibu wote kwa sauti za ndege wengine, kwamba dume mmoja huiga kwa wastani aina 76, na kwamba zaidi ya nusu ya sauti hizo ni za ndege wa Afrika. Kwa jumla alizitambua aina zaidi ya 200, 113 kati yake zikiwa za Afrika. Kwa kuwa madume ya Ulaya hunyamaza mapema, makinda hayapati nafasi ya kutosha ya kujifunza kwa baba zao. Hujifunza kwa ndege wowote wanaowasikia katika miezi 10 hivi ya kwanza ya maisha yao, na sehemu kubwa ya miezi hiyo huipitisha Afrika. Kwa hiyo dume anayeimba kwenye vichaka vya mtoni huko Ubelgiji mwezi Juni anamwita jike kwa sauti za nyika ya Afrika Mashariki, na mtafiti aliyeijua Afrika aliweza kuisikia njia ya safari ndani ya wimbo.

Kutokana na kalenda hiyo, desturi ya kuwaita wahamaji ndege wa Ulaya waliokuja kutembea inastahili kukataliwa. Mwigaji hukaa kwenye uwanja wake wa kuzalia kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu; muda uliobaki yuko njiani au yuko Afrika. Akila huku, akibadili manyoya huku na akijifunza kuimba huku, ana haki ya kuhesabiwa mkazi wa nyika hii kama alivyo mkazi wa Ubelgiji, na uamuzi huo una matokeo katika suala la nani anapaswa kumtunza.

Namna ndege wanavyoijua njia ni jambo ambalo sayansi imelifumbua kwa sehemu. Kekeo wa Ulaya hutaga yai katika kiota cha ndege mwingine na kumwachia malezi. Wazazi wake wa kweli huondoka kuelekea Afrika mwezi Juni au Julai, kabla kinda halijaweza kusafiri, na walezi wake wana njia yao tofauti, lakini kinda hilo huondoka peke yake na hufika Afrika. Ni dhahiri kwamba mwelekeo wa safari umerithiwa. Urithi huo, hata hivyo, una mipaka, kama alivyoonyesha Mholanzi A. C. Perdeck katika matokeo aliyochapisha mwaka 1958: maelfu ya kwezi waliokuwa safarini walikamatwa The Hague, wakapelekwa kwa ndege hadi Uswisi na kuachiwa. Kwezi wakubwa, waliowahi kusafiri, walirekebisha njia na kuelekea kaskazini mwa Ufaransa na Uingereza, walikozoea. Wadogo waliendelea na mwelekeo ule ule waliozaliwa nao, sambamba na njia ya zamani, wakaishia Hispania na kusini mwa Ufaransa. Mdogo alikuwa na dira, mkubwa alikuwa na dira pamoja na ramani, na ramani hupatikana kwa kusafiri.

Dira zenyewe ni zaidi ya moja. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Gustav Kramer alithibitisha kwamba kwezi hutumia jua na hurekebisha mwendo wake kadiri saa zinavyopita. Katika miaka ya 1960 Stephen Emlen wa Marekani, akitumia jumba lenye nyota za kuigiza, alionyesha kwamba wasafiri wa usiku hujifunza sehemu ya anga ambayo nyota huizunguka. Na katika muongo huo huo Wolfgang Wiltschko wa Frankfurt aliwaweka ndege ndani ya nyaya za umeme zilizogeuza uga wa sumaku, yaani ile nguvu ya dunia inayoielekeza sindano ya dira, nao wakageuza mwelekeo wao pia. Kuhusu wakati wa kuondoka, nchi za kaskazini humpa ndege taarifa kwa kufupika kwa siku, lakini Maore, ambako siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote zinatofautiana kwa takriban nusu saa tu, taarifa hiyo ni hafifu mno. Eberhard Gwinner wa Ujerumani aliwafuga wahamaji wadogo katika vyumba vyenye saa 12 za mwanga na 12 za giza bila mabadiliko, nao wakaendelea kunenepa, kubadili manyoya na kuhangaika usiku katika mzunguko uliokaribia mwaka mmoja. Ndani ya mwili wa ndege mna saa ya mwaka, na saa hiyo ndiyo inayomwamsha Machi au Aprili akiwa bado katikati ya neema.

Kabla ya kuondoka, ndege mhamaji hula kupita kiasi. Mafuta yanayojilimbikiza chini ya ngozi hutoa nguvu maradufu kuliko sukari ya uzito ule ule, na yanapoungua hutoa maji pia, ndiyo maana ndege mdogo anayekaribia kulivuka jangwa huweza kuongeza nusu ya uzito wake au zaidi. Korongo na tai hawafanyi hivyo kwa kiasi hicho, kwa sababu hutumia hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, wakizunguka juu yake bila kupiga mabawa; hewa hiyo haipandi vizuri juu ya bahari, na kwa hiyo korongo weupe wa mashariki mwa Ulaya huizunguka Mediterania kupitia Uturuki, Palestina na Sinai.

Hakuna mkulima wa mpunga wa Ndungu au Maore atakayeridhika na mhadhara juu ya ndege usiomtaja kweleakwelea, na hakika ana haki. Ndege huyo hatoki Ulaya, na kwa muda mrefu alidhaniwa kutangatanga tu. Mwaka 1971 Peter Ward alieleza kwamba mwendo wake una utaratibu: mvua zinapoanza, mbegu za nyasi zilizokuwa ardhini huota, chakula kinakwisha kwa siku chache, na makundi huruka kuipita mvua hadi mahali ambapo ilinyesha wiki kadhaa nyuma na nyasi mpya zimekwisha kuzaa. Huo ni uhamaji, ingawa ramani yake huchorwa upya kila mwaka na mawingu. Kweleakwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la milioni moja likiingia mashambani huweza kumaliza tani 10, na watoto wanaokaa kwenye madungu kuamia ndege tangu alfajiri, wakakosa masomo, wanalipa gharama isiyoandikwa katika hesabu hiyo. Njia iliyozoeleka ya kuwaangamiza ni kunyunyiza sumu ya fenthioni kwa ndege za kilimo juu ya malazi yao, kazi ambayo Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962, limeifanya mara nyingi. Sumu hiyo haichagui: mwewe, tai na bundi wanaokula kweleakwelea waliodhoofika hufa pia, na miongoni mwao wamo wahamaji kutoka mbali. Wilayani Kondoa wananchi huwanasa kweleakwelea kwa wingi na kuwauza kama kitoweo, na pale malazi yanapofikika njia hiyo inaonekana kuwa bora kuliko sumu, kwa kuwa adui wa mkulima huwa chakula chake.

Hatari nyingine zinatokea mbali, lakini matokeo yake huonekana hapa. Katika miaka ya 1990 serikali ya Iraq ilikausha sehemu kubwa ya mabwawa ya matete ya kusini mwa nchi hiyo, ambayo ndiyo makazi makuu ya kuzalia ya Acrocephalus griseldis, ndugu wa mwigaji, anayepita Ngulia kila mwaka na kukaa katika vichaka vya Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji. Mabwawa yalianza kujazwa tena mwaka 2003, lakini ndege huyo angali katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Kwa upande wa huku, kinachohitajika si kikubwa: matete ya bwawa la Kalemawe na ya mifereji yasichomwe yote kwa wakati mmoja, vichaka vya kando ya mito viachwe, ulimbo na manati visielekezwe kwa ndege waliochoka.

Jambo lililo ndani ya uwezo wa vijana wenyewe ni kuandika. Tarehe ya mbayuwayu wa kwanza mwenye koo la rangi ya matofali, tarehe ya kambu wa kwanza, yule mwenye bawa la samawati anayekaa juu ya miiba ya Mkomazi, siku mvua ya kwanza iliponyesha na siku kumbikumbi walipotoka, zikiwekwa katika daftari moja la shule mwaka hadi mwaka, pamoja na tarehe za mwisho za kuonekana mwezi Aprili, zitaonyesha kama kalenda ya ndege inabadilika kadiri mvua zinavyobadilika. Kumbukumbu za namna hiyo hupokelewa na mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ambao kwa miongo kadhaa umekuwa ukikusanya taarifa za kila wilaya. Daftari la kwanza la Maore lifunguliwe Septemba ijayo, na walimu wa sayansi walipe nafasi kabatini, ili wanafunzi watakaofuata walikute.